KUMTAMBUA NYUKI MWASHI KATIKA PICHA



Yuko nyuki wa mwitu asiye na mzinga wala malkia, wala hatengenezi asali ya kuvunwa. Jike hutafuta tundu katika ubua au gogo, akaweka unga wa maua, akataga yai moja juu yake, kisha akakiziba chumba kwa tope. Ndiyo sababu ya kuitwa nyuki mwashi.

Huko Marekani wenye mashamba ya matofaa humthamini, maana hufanya kazi siku za baridi, wakati nyuki wa asali wamo mzingani bado. Basi mwaka 2002 alionekana mashariki ya nchi hiyo mgeni kutoka Asia, Osmia taurus. Katika hesabu za mwaka 2003 hadi 2017 mgeni huyo aliongezeka mno, na aina sita za wenyeji zikapungua. Kwa hiyo picha ya mkulima ina faida kubwa, mradi iwe inafaa.

Kwanza litazamwe tumbo: jike hubeba unga wa maua chini ya tumbo, si miguuni. Tena rangi. Mwenyeji, Osmia lignaria, ni wa buluu nzito ing'aayo. Mgeni ana manyoya ya kahawia. Lakini yuko pia Osmia cornifrons, aliyeletwa kwa makusudi kutoka Japani, naye afanana na mgeni yule mno. Picha ya mgongo peke yake haiwatengi hawa wawili. Yatakiwa picha ya uso na ya ubavu, iliyo wazi. Na hata hivyo mara nyingi mtaalamu hana budi kumtazama nyuki mwenyewe kwa darubini.