Jicho la Angani na Ardhi ya Vijiji Vyetu

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali kutoka wilaya za Kasulu na Kibondo.)



Tarehe 23 Julai, 1972, Marekani ilirusha angani chombo ambacho baadaye kilikuja kuitwa Landsat. Kazi yake ilikuwa kuizunguka dunia katika kimo cha kilomita mia tisa hivi, na kupiga picha za misitu, mito, mashamba na pwani za nchi zote, tajiri na maskini, bila kubagua. Mwaka huo huo wa 1972, huku kwetu, ndipo Operesheni Kigoma ilipoanza. Watu wa Heru, wa Muhambwe na wa Buyungu, waliokuwa wakikaa mbali mbali, kila mji juu ya kilima chake na migomba yake nyuma ya nyumba, walihamishwa na kuwekwa pamoja katika vijiji.

Hakuna aliyepanga kwamba mambo haya mawili yatokee kwa pamoja. Lakini matokeo yake ni kwamba katika ghala za picha za chombo kile imebaki sura ya nchi ya Buha kama ilivyokuwa wakati ule. Leo, baada ya zaidi ya miaka hamsini, sura ile imekuwa ushahidi. Nimeombwa nizungumze juu ya ushahidi huo: unaona nini, hauoni nini, na sisi tuliokabidhiwa kalamu na chaki tuutumie namna gani.

Kwanza, tuelewe jinsi picha hizi zinavyopatikana. Setilaiti haipigi picha kama mpiga picha wa mjini. Inapima mwanga wa jua unaorudishwa na ardhi, pamoja na ule wa infraredi ambao jicho la binadamu haliuoni. Jani bichi hurudisha mwanga huo kwa wingi, maji huumeza. Mtaalamu akiuchapa mwanga huo kwa rangi nyekundu, msitu huwa mwekundu na maji huwa meusi. Ndiyo maana anayeiona picha ya namna hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba nchi inaungua, kumbe anachokitazama ni miti yenye afya.

Picha hiyo imejengwa kwa miraba midogo midogo. Katika picha za 1972 mraba mmoja ulikuwa na upana wa mita 80 hivi, maana yake ni eneo la ekari moja na nusu. Nyumba ya mwananchi haionekani humo. Hata shamba lake dogo la maharage halionekani. Tangu 1982 vyombo vya jamii hiyo vilianza kutoa picha za mraba wa mita 30, na tangu 2015 vyombo vya Ulaya viitwavyo Sentinel-2 vimekuwa vikitoa picha za mita 10. Jambo kubwa zaidi kwetu ni kwamba tangu 2008 picha za Landsat hutolewa bure kwa yeyote anayezitaka. Kisingizio cha kwamba picha ni ghali, na kwa hiyo sisi hatuwezi, kilikufa mwaka huo.

Wenzetu wa Visiwani wametupa mfano mzuri. Kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iliipima Unguja na Pemba kutoka angani. Haikutegemea setilaiti tu, kwa sababu visiwa vya nchi za joto hufunikwa na mawingu mara kwa mara, na setilaiti iliyo juu ya mawingu huona mawingu. Wakatumia ndege ndogo zisizo na rubani, zinazoruka chini ya mawingu, na vijana wa Kizanzibari wakajifunza kuzirusha na kuzitengeneza ramani wao wenyewe. Kisiwa ni nchi ndogo iliyozungukwa na bahari. Ufuo ukiliwa kwa hatua kumi, mwenye shamba la minazi anajua. Kwa hiyo walihitaji ramani inayoonyesha paa la nyumba, mstari wa mikoko na ukingo wa maji.

Sisi wa nyanda za juu hatuna bahari. Tuna vilima vya Manyovu, miombo ya Kibondo, mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 yaliwekwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Lakini nasi, kwa namna yetu, ni watu wa kisiwani. Ukitoa hifadhi za misitu, mapori ya akiba, mabwawa na mpaka wa nchi, ardhi iliyobaki kwa jembe ina kingo zake. Sensa ya 1978 iliwakuta watu wa Mkoa wa Kigoma hawafiki laki saba. Sensa ya 2022 iliwakuta zaidi ya milioni mbili na laki nne. Ardhi haikuongezeka hata shubiri moja.

Tena tumekuwa wenyeji wa ndugu zetu waliokimbia vita. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 Nduta ikafunguliwa tena kwa ajili ya Warundi. Katika picha za angani mabadiliko ya miti kuzunguka makambi yanaonekana. Wapo wanaoonyesha kidole kwenye picha hiyo na kusema, "Tazameni, wageni wametumaliza." Mimi nawaomba wasogeze kidole chao kidogo. Wataona kwamba miti imekatwa pia mahali ambapo hapajawahi kuwa na kambi: kandokando ya barabara, kwenye tanuri za mkaa, kwenye mashamba mapya ya mahindi. Mkimbizi alikata kuni ili apike ugali, kama sisi. Picha haisemi nani ana hatia. Inasema tu kwamba msitu ulikuwapo, na sasa haupo.

Nguvu ya ushahidi huu ilionekana vizuri katika mkoa wetu wenyewe. Kule Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960, ililinganishwa picha ya 1972 na ya 1999. Ndani ya hifadhi misitu ilikuwa imesimama. Nje ya mpaka, vilima vya vijiji vya kandokando ya ziwa vilikuwa vimebaki vitupu. Lakini waliofanya kazi hiyo hawakuishia kuwalaumu wanavijiji. Walizipeleka picha vijijini, zile za karibuni zenye mraba wa mita moja au pungufu, na wananchi wakaanza kuzitambua nyumba zao, njia zao na miti yao. Mipango ya matumizi ya ardhi ikafanywa juu ya picha hizo hizo, na vijiji vikatenga misitu yao vyenyewe.

Sasa, ndugu zangu, nifike kwenye jambo lililonileta hapa.

Miaka michache iliyopita nilitumwa na ofisi moja kwenda katika kijiji kimoja cha wilaya hizi, ambacho sitakitaja. Nilichukua ramani iliyotengenezwa kutokana na picha ya setilaiti. Upande wa mashariki wa kijiji palikuwa na eneo kubwa lililopakwa rangi hafifu na kuandikwa "ardhi isiyotumika." Niliitandika ramani mezani, chini ya mwembe, mbele ya wazee.

Mzee mmoja akauliza, "Picha hii ilipigwa mwezi gani?" Nikatazama. Ilipigwa mwishoni mwa Agosti. Akacheka. "Mwezi huo," akasema, "miombo imevua nguo. Rudi baada ya wiki chache uone inavyozivaa nyingine, nyekundu, kabla hata mvua haijanyesha." Akaweka kidole juu ya lile eneo tupu, akaanza kuhesabu: hapa mizinga ya ukoo fulani, hapa mizinga ya fulani, hapa njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Bibi mmoja akaongeza kwamba pale penye miembe saba ni mahame ya baba yake. Ndipo walipokuwa wakikaa kabla ya Operesheni, na hadi sasa wanalima muhogo huko kwa zamu, mwaka huu upande huu, miaka mingine upande ule.

Niliona aibu. Sikuwa nimesema uongo, wala chombo hakikuwa kimekosea. Kilipima mwanga, nacho kilipima sawasawa. Kosa lilikuwa la yule aliyekaa ofisini, akatazama mwanga na kuandika neno "isiyotumika." Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Msidhani hili ni kosa dogo la maneno. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ilipotungwa, iliihesabu katika ardhi ya jumla hata ile ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Kwa upande wa pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo iliitambua ardhi ya kijiji kuwa pamoja na ile iliyopumzishwa, ile ya malisho, na njia za mifugo kwenda majini. Kati ya sheria hizi mbili, neno moja juu ya ramani linaweza kuamua kama mahame ya bibi yule ni mali ya kijiji au ni shamba linalomsubiri mwekezaji. Neno hilo huandikwa na mtumishi wa umma. Huandikwa na mimi na wewe.

Lakini niwe mkweli kwa pande zote mbili. Katika kijiji kile kile alisimama kijana mmoja, akadai kwamba bonde fulani ndani ya msitu lilikuwa mahame ya babu yake, na kwamba ana haki ya kulifyeka. Tuliitoa picha ya 1972. Nimekwisha kusema kwamba nyumba haionekani humo. Lakini eneo kubwa lililolimwa linaonekana, na bonde lile lilikuwa msitu mnene kutoka ukingo hadi ukingo. Wazee wakatazamana. Hakuna aliyemkaripia kijana. Alikaa chini mwenyewe. Hivyo picha ilimlinda bibi pale ilipofasiriwa na wazee, na iliwalinda wazee pale madai yalipovuka mpaka. Shahidi huyu hapokei rushwa, lakini hajui Kiswahili wala Kiha. Anahitaji mkalimani, na mkalimani wake ni mwenyeji.

Kutokana na hayo napendekeza mambo manne.

Kwanza, tusiandike juu ya ramani yoyote kwamba ardhi haitumiki kabla ya kuitembelea kwa miguu pamoja na wazee, wafugaji, warina asali, na akina mama wanaokwenda kuni na maji. Asali ya Kibondo inajulikana nje ya mkoa huu; lakini hakuna setilaiti inayouona mzinga wa gogo uliotundikwa chini ya majani. Tena tulinganishe picha za miezi mbalimbali. Picha ya Juni, mvua zikiwa zimekwisha na moto wa nyika haujaenea, inasema jambo moja. Ya Septemba, yenye moshi na majivu, inasema jingine.

Pili, ramani ikikamilika ibaki kijijini. Iandikwe kwa Kiswahili, ikiwa na majina ya vilima na vijito kama wenyeji wanavyoyaita, itundikwe katika ofisi ya kijiji, na isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kupitishwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari likikaa wilayani peke yake, mwenye mali hana daftari.

Tatu, ndugu walimu, hapa ninyi ndio jeshi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 vilikabidhiwa kwa walimu baada ya kazi ile. Mwalimu wa Jiografia mwenye kishikwambi na mtandao anaweza kuwaonyesha wanafunzi picha ya kijiji chao ya zamani na ya sasa. Wapelekeni watoto kwenye chemchemi, wachore wanachokiona, kisha walinganishe mchoro wao na picha. Mtoto aliyejua kusoma ramani ya kijiji chake hatakubali, akiwa mtu mzima, kuwekewa dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa.

Nne, tuwaandae wataalamu wetu wenyewe. Mafunzo haya yanatolewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Sokoine; na Nairobi kiko kituo cha ramani cha nchi za kanda yetu kilichoanzishwa mwaka 1975. Picha ni za bure, lakini akili ya kuzifasiri haitolewi bure. Nchi inayopokea picha zake zikiwa zimekwisha kufasiriwa na wengine ni kama mtu anayesomewa barua yake na jirani: siku moja atasomewa lisiloandikwa.

Ndugu Mwenyekiti, Azimio la Arusha liliiweka ardhi miongoni mwa mambo manne ambayo bila hayo hatuwezi kuendelea, nalo liliwataja watu kabla ya ardhi. Nadhani mpangilio huo unafaa pia kwa wapima ardhi. Jicho la angani limetupa uwezo ambao baba zetu hawakuwa nao, wa kuiona nchi yetu yote kwa mara moja. Hatuna budi kuutumia. Lakini kabla hatujaandika neno lolote juu ya picha ile, twende kwanza tukaulize chini ya mwembe.