Kuijua Asili ya Springi za Gari la Kale

Gari la kale lililogeuzwa na mafundi aghalabu huwa limetiwa viungo vya gari jingine, na mwenye kulinunua, asipoijua asili ya viungo hivyo, hutaabika siku ya kutafuta spea. Huko Marekani, magari mengi ya zamani yamefungwa miguu ya mbele, yaani springi na mikono yake, ya Ford Mustang II, modeli za miaka ya 1974 hadi 1978, kwa kuwa haichukui nafasi kubwa na ina stelingi ya reki. Dalili zake ni bayana: springi ya koili husimama juu ya mkono wa chini, fimbo hutoka mkono wa chini kuishika chasisi, na habu ya asili ina nati 4 katika duara la milimita 108. Mkikuta nati 5, msiikatae kwa haraka, kwani wengi hubadili diski. Basi sugueni kutu, someni nambari zilizomo chumani, pimeni kila bushi na boljointi, wala msinunue breki kwa dhana, maana roho za watu zimo ndani yake.