Mchuma Karafuu na Mizani ya Mwili



Kwetu Kendwa, kaskazini ya Unguja, ardhi ni ya mawe. Karafuu twaziona zimekwisha tiwa katika vipakti vya kuuziwa watalii, na ni rahisi kumsahau aliyezipandia mtini.

Mkarafuu hupita mita 10, na matawi yake ni mepesi kukatika. Mchumaji huyawahi matumba kabla hayajachanua, hata yaliyo nchani kabisa.

Wataalamu wanatueleza kuwa mwili husimama sawa kwa msaada wa mashahidi watatu: macho, vijifereji vyenye maji ndani ya sikio, na hisia za nyayo, misuli na viungo. Mmoja akikosea, wenziwe humsahihisha. Lakini juu ya mkarafuu wote watatu hutatizwa pamoja. Majani yachezayo huyapoteza macho, tawi liyumbalo huzihadaa nyayo, na kichwa kikilazwa nyuma kutazama juu, sikio nalo hubabaika. Basi tusiharakishe kumwita aliyeanguka mzembe.

Nasema hivi: asipande mwenye njaa, homa au kizunguzungu, wala mti ukiwa umerowa. Ngazi na kamba madhubuti viwepo. Tunahimizwa tuanike karafuu juu ya majamvi, si barabarani, zisiingie uchafu wala ukungu. Ni vyema, lakini usalama wa karafuu uanzie kwa mchumaji. Mche huzaa baada ya miaka 6 hadi 8. Mgongo uliovunjika haupandwi tena.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwanza tuhakikishe ameshuka salama.