Faida ya Kusoma Jiografia

Wazazi wengi hutuuliza sisi walimu, "Hiyo jiografia itamletea mtoto wangu chakula gani?" Swali ni la haki, na sehemu ya kosa ni yetu. Tumewakaririsha watoto majina ya mito na miji ya mbali kama kasuku, na kijito kipitacho nyuma ya shule hatukuwauliza chatoka wapi.

Jibu letu tutalitafuta Kongwa, katika nchi ya Ugogo. Mwaka wa 1946 Serikali ya Uingereza, kwa kuwa ilipungukiwa na mafuta ya kula baada ya vita, ilituma wajumbe watatu Afrika ya Mashariki kutazama mahali pa kulima karanga. Walizunguka majuma tisa tu, tena sehemu kubwa ya nchi waliiona kutoka katika ndege. Mwaka wa 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka. Fedha zilikuwapo, na mashine, na watu hodari. Walakini nchi yenyewe hawakuijua. Mvua ya Ugogo haina ahadi: mwaka huu yaweza kutosha, mwaka ujao ikakatika mimea ingali michanga. Na udongo wa Kongwa una ufinyanzi mwingi. Ukikauka huwa mgumu kama tofali, na karanga hushikwa chini zising'oleke. Wagogo, ambao tangu zamani walilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe, hawakufanya hivyo kwa ujinga. Mwanzoni mwa mwaka wa 1951 kazi ile iliachwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimekwisha potea.

Basi hiyo ndiyo jiografia: mvua, udongo, upepo, na desturi za watu zilizotokana navyo. Twawasihi walimu wenzetu waianzie mlangoni pa shule. Mkebe wenye pande zilizonyoka, na rula, vyatosha. Uwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na paa, na kila asubuhi saa tatu mwanafunzi apime maji yaliyomo, aandike tarehe na kipimo, kisha ayamwage. Daftari la mwaka mmoja halitatufundisha mengi. La miaka kumi litatuonyesha ni mwezi gani mvua ya kwetu ni ya kutumainiwa. Kwa hiyo mwalimu akihamishwa, asilifungie daftari katika sanduku lake; amkabidhi mwalimu amfuataye, pamoja na ule mkebe.