Tusikae kungojea mvua: maneno kwa vijana wa Likasi, Oktoba 2024

Sitasema sana, juu najua kuko wenye waliacha bidoni zao kwenye mstari na wanaogopa mutu atazisukuma nyuma.

Nianze na ile yenye kila mutu hapa anajua. Saa tisa ya usiku, kwetu usingizi inaisha. Mudogo wangu wa kike, miaka 13, anaamka, anabeba bidoni mbili za litri 20, anaenda kupanga mstari kwenye foraji. Wakati anarudi, jua imetoka na shule imeanza. Mwezi uliopita walimurudisha nyumbani mara tatu juu ya kuchelewa. Na mukumbuke, mutoto mwanamuke mwenye kutembea njiani saa tisa ya usiku, hapo hatuogope tu kuchelewa. Munanielewa. Siku moja mama akaniambia: "Wewe kila siku unasemaka mambo ya inchi. Sema basi na mambo ya mayi." Njo niko hapa mbele yenu.

Wandugu, tunaita hii mambo ukame, na ni kweli, ni ukame. Lakini tukisema tu "mvua ilikosa" na kunyamaza, tutakuwa tumesema nusu ya ukweli. Leo nataka tuseme na nusu ingine.

Nusu ya kwanza ni hii. Mama yangu analimaka shamba kidogo kwenye njia ya Kambove. Mwaka jana alipanda mahindi mwezi wa 11, na mvua za kwanza. Mwezi wa kwanza mahindi yalisimama muzuri, mama alikuwa anacheka. Kisha mvua ikakata. Wenye kulima wanajua: wakati muhindi unatoa ndevu, njo wakati unaomba mayi kuliko wakati wote. Ukikosa mayi pale, hata mvua irudi nyuma yake, utavuna majani na punje za kuhesabu na vidole. Shamba yenye ilikuwa inatupatia mifuko tisa ilitupatia miwili.

Haikukuwa shamba ya mama peke yake. Ile mwaka bahari ya Pasifiki ilipata moto kupita kawaida, mambo yenye wasomi wanaita El Niño, na mara mingi ikikuja na nguvu, mvua ya kusini ya Afrika inapunguka. Tarehe 29 Februari 2024, Prezidenti Hichilema wa Zambia alitangaza musiba wa taifa. Alisema wilaya 84 kwa 116 zimepigwa, na hekta milioni moja ya mahindi, kwa milioni 2,2 zenye zilipandwa, imeharibika. Malawi ikafuata mwezi wa 3, Zimbabwe mwezi wa 4. Zambia, yenye mwaka wa 2023 ilivuna zaidi ya tani milioni 3 ya mahindi, mwaka wa 2024 ilivuna karibu milioni moja na nusu.

Sasa mutu wa Likasi mwenye hana shamba anaweza kusema: hiyo yote inanihusu nini? Papa, fungua sufuria yako. Bunga ya bukari yako inatokaka wapi? Sehemu kubwa inapita Kasumbalesa. Zambia ikikosa mahindi, inafunga mlango ili watu wake wakule kwanza, na hatuwezi kuwakasirikia juu ya hiyo. Hata sisi tungefanya vile. Mwaka wa 2016, kisha El Niño ingine, ilikuwa vilevile: mahindi ikakatazwa kutoka, na bei ya bunga huku kwetu ikaruka. Ni kusema tulishaonywa. Tulikuwa na miaka nane ya kujitayarisha.

Ukame unaingia tena na mlango wa pili, mlango wa moto wa umeme. Zambia inategemea mayi ya mabarazhi kwa sehemu kubwa sana ya umeme wake. Ziwa Kariba likipunguka, giza inaingia Lusaka, na umeme wenye migodi ya huku ilikuwa inanunua kule unapotea. Halafu wote tunarudi kugombania ule kidogo wenye uko. Na ule kidogo unatoka wapi? Kwa upande wetu, unatoka mu mto Lufira: Mwadingusha, inayofanya kazi tangu 1930, na Koni, tangu 1950. Nyuma ya Mwadingusha kuko ziwa Tshangalele. Mvua ikiwa kidogo, ziwa inashuka, na mashine zinakosa mayi ya kuzizungusha. Mwadingusha ilitengenezwa upya, tangu 2021 inaweza kutoa megawati 78. Lakini mashine mupya haileti mvua.

Umeme ukienda, pampu inasimama. Pampu ikisimama, robine inakauka. Robine ikikauka, mama anaenda kwenye foraji ya mutu. Nayo foraji inafanya na pampu, na pampu inaomba umeme ao mazutu, njo maana bei ya bidoni inapanda ile siku yenye tunaihitaji zaidi. Na jikoni, umeme ukikosa, ni makala. Makala ni miti ya pori letu. Pori likiisha, mayi ya mvua haiingie tena mu udongo, inakimbia tu na kubeba udongo, na visima vinakauka mbele ya wakati. Munaona vile tunazunguka? Tunachoma leo mayi ya kesho. Sitaki kumuhukumu papa mwenye anabeba mifuko ya makala kwa kinga kutoka mbali sana. Yeye pia anatafuta chakula ya watoto. Lakini tujue hesabu inaenda wapi.

Kuko na kitu ya tatu, yenye haisemwi sana. Mito yetu, Panda na Buluo, kwa miaka mingi imepokea mayi machafu ya viwanda. Wakati wa masika, mvua inaizimua. Wakati wa kipwa, na zaidi mwaka sawa huu, mto unabaki mwembamba na uchafu unabaki uleule. Na ni pale pale, wakati robine imekauka, njo watu wanashuka mutoni kufua, kuoga, kunyweshea lengalenga. Kipindupindu katika jimbo letu si hadisi. Inapenda sana mahali penye mayi safi ni kidogo.

Hiyo ni nusu ya mvua. Sasa nusu ya watu.

Inchi yetu iko na mto Congo, wa pili katika dunia kwa wingi wa mayi. Inga I iko tangu 1972, Inga II tangu 1982, na toka ule mwaka kuko waya wa kilometa karibu 1.700 wenye unaleta umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi. Waya unapita juu ya vijiji vyenye havijawahi kuona taa, unakuja kulisha migodi. Inchi yetu, wanasema kila siku mu hotuba, iko na hekta milioni 80 za kulima. Na sisi tunangojea Zambia ivune. Ukame haukuandika hiyo hesabu. Waliiandika watu.

Wengine watasema: walijaribu. Ni kweli, walijaribu. Wakati Katanga ilikuwa jimbo moja, gavana Moïse Katumbi aliomba kila sosiete ya migodi ilime hekta 500. Bukanga Lonzo ilifunguliwa 2014 na kelele mingi, na 2017 ilikuwa imesimama. Kaniama-Kasese inatoa mahindi, na siku yenye inafika tunashukuru. Lakini mutu hakule mradi. Mutu anakula meka ya bunga yenye anaweza kulipa leo magaribi.

Na sheria inasema nini? Muishike kichwani, juu siku moja watawauliza. Katiba ya 2006, kifungu cha 48: haki ya kupata mayi safi ya kunywa na umeme inahakikishwa. Haikuandikwa "kama mvua imenyesha." Na Kodi ya migodi, yenye ilibadilishwa mwezi wa 3 mwaka 2018, kifungu cha 242, inagawanya malipo ya migodi hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini ao sekta ao usultani wa mahali penye wanachimba, na 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Vizazi vinavyokuja, wandugu, ni mudogo wangu mwenye anapanga mstari saa tisa ya usiku.

Basi tunauliza bila matusi: ile 15 kwa mia, kwetu na kwa majirani wetu, iliingia kiasi gani? Ilitoka kwenda wapi? Foraji ngapi? Pampu ngapi? Kama jibu ni muzuri, waibandike kwenye ukuta wa komini na sisi tutakuwa wa kwanza kupiga makofi.

Sasa kuko jambo lenye nataka kulisema wazi, juu lilituletea mabishano kwenye mukutano wetu wa mwisho. Ndugu mumoja alisimama akasema: "Barua hazina kazi. Tuchome mipira barabarani, tufunge njia ya makamiyo, siku hiyohiyo mayi itafika." Wengi walipiga makofi. Hata mimi, kusema kweli, mikono yangu ilitaka kupiga.

Ndugu yangu, niko najibu na heshima. Hasira yako ni ya haki. Lakini moshi ya mipira itadumu saa mbili. Kisha watakamata kumi, na wale kumi watakuwa wadogo, hawatakuwa wewe wala mimi. Familia zao zitauza ile kidogo yenye ziko nayo ili zipate pesa ya kuwatoa. Na kesho yake watu hawatasema tena juu ya mayi, watasema juu ya "vijana wa fujo". Tutakuwa tumewapatia sababu yenye walikuwa wanatafuta. Wandugu wa LUCHA kule Goma walianza 2012, na kati ya mapigano yao ya kwanza ilikuwa mayi: muji unalala kando ya ziwa Kivu na robine kavu. Walibeba maandishi na bidoni tupu, hawakubeba majiwe. Waliteswa, walifungwa, na mpaka leo watu wanawasikiliza juu hakuna mwenye aliweza kusema walivunja kitu ya mutu.

Kwa hiyo, tunafanya nini? Vitu vinne, na kila moja iko na tarehe.

Ya kwanza: jumamosi hii tunahesabu. Wawili wawili, mu komini zote ine, Kikula, Panda, Shituru na Likasi. Kila foraji ya watu wote na kila kisima munaandika: inafanya ao haifanye, tangu lini, bidoni ni bei gani, mstari unaanza saa ngapi. Musiandike majina ya watu. Mutu akituambia "munadanganya", tutafungua daftari.

Ya pili: jumatano nyuma yake tunapeleka barua kwa meya na kwa ma-burgumesta wane. Tunaomba ratiba ya mayi kwa kila kartie, ibandikwe na ifuatwe. Tunaomba foraji zenye zimevunjika zitengenezwe mbele ya kuchimba zingine za kupiga picha. Na tunaomba hesabu ya ile 15 kwa mia. Tutaomba muhuri ya kupokea. Barua bila muhuri, kesho watasema hawakuiona.

Ya tatu: tukikosa jibu kwa siku 15, tutatembea. Kifungu cha 26 cha Katiba kinaturuhusu, kinaomba tu tujulishe mamlaka kwa maandishi, na tutawajulisha. Kila mutu na bidoni yake tupu. Hakuna jiwe, hakuna pombe. Mwenye kuja na jiwe, huyo hakutumwa na sisi.

Ya ine ni ya kwetu wenyewe, juu tusiwe watu wa kuomba tu. Mvua za kwanza ziko karibu. Kila mutu mwenye bati kwenye nyumba aweke mufereji na pipa, na ile mayi ya kwanza yenye kuosha bati aiache imwagike. Mayi ya mutoni ao ya kisima tusinywe bila kuichemsha. Na kwenye mstari wa foraji, vijana wa kiume, niko nawaambia ninyi: saa tisa ya usiku tuende sisi. Musimutume dada yenu peke yake mu giza halafu asubuhi muandike kwenye telefone kama munapenda inchi. Mimi nimeanza jumatatu. Mudogo wangu wiki hii hajachelewa hata siku moja.

Wandugu, mvua itarudi. Labda mwezi ujao, labda itachelewa. Ikirudi, robine zitapata nguvu kidogo, bunga itashuka kidogo, na watatuambia: "Munaona? Imeisha." Pale njo hatari kubwa iko. 2016 ilipita vile, tukasahau. El Niño haisahau, itarudi. Ile siku isitukute tena na bidoni mikononi na bila daftari.

Mwenye anakuja kuhesabu jumamosi, abaki hapa tugawane kartie. Mwenye bidoni yake iko kwenye mstari, aende, tutamungojea.