Serikali Wakati wa Kuanguka kwa Biashara



Halmashauri imenitaka ninene juu ya wajibu wa serikali biashara ya nchi inapoanguka. Husikika mara nyingi kwamba serikali ni kama mwenye nyumba: mapato yakipungua, na apunguze matumizi. Kwa mwenye nyumba shauri hilo ni jema. Kwa serikali laweza kuwa sumu, kwa maana fedha atoayo mmoja ndiyo mshahara wa mwingine. Wote wakiwa mkono wa birika kwa siku moja, nani atanunua?

Tutazame Marekani. Mwezi wa Oktoba, 1929, bei za hisa zilianguka huko New York. Anguko hilo peke yake lisingalileta maafa yote yaliyofuata. Lakini watu waliingiwa na hofu, wakakimbilia benki kutoa akiba zao. Nanyi mlioweka shilingi katika hazina ya chama mwajua kuwa fedha zilizokopeshwa hazipatikani kwa siku moja. Benki Kuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1913 kwa ajili ya saa kama hiyo, iliacha benki kwa maelfu zife. Kufikia mwaka 1933 fedha za nchi zilikuwa zimepungua kwa kadiri ya thuluthi moja, na katika kila wafanya kazi wanne mmoja hakuwa na kazi. Juu ya hayo, mwaka 1930 serikali ilipandisha ushuru wa forodha, nchi nyingine zikalipiza. Na mwaka 1932 ikaongeza kodi ili isawazishe hesabu zake. Hesabu hazikusawazika.

Rais Roosevelt alishika madaraka Machi, 1933. Alizifunga benki zote kwa siku chache. Zilizoonekana nzima zikafunguliwa, na watu wakarudisha fedha walizozificha. Mwaka huo huo akiba za wateja wadogo zikawekewa bima kwa sheria, nchi ikaacha kuifunga fedha yake na dhahabu, na wasio na kazi wakaajiriwa kujenga barabara na majumba.

Ni haki niseme kwamba ukosefu wa kazi haukwisha. Tena mwaka 1937, nafuu ilipoonekana, serikali ilikata matumizi, na Benki Kuu ikazidisha fedha ambazo benki zililazimishwa kuziweka bila kuzikopesha: mgonjwa alinyang'anywa dawa siku ya kwanza alipoketi kitandani. Viwanda vikafukuza watu upya. Ilipofika Aprili, 1938, Roosevelt aliomba Bunge fedha nyingine za kazi za umma, na kabla ya mwaka kwisha biashara ikaanza tena kuinuka.