Maneno ya Mlezi wa Watoto, Siku ya Kutimiza Miaka 10

Ndugu Mwenyekiti, akina mama wenzangu,

Kila Jumamosi watoto wetu huleta hapa vizibo vya soda, kandambili zilizokatika, vifuu na makopo. Makopo tunayakunja kingo kwanza, yasiwakate. Jioni wanarudi na magari, ngoma na wanasesere.

Wapo wanaosema huo ni uchafu tu. Jamani! Marehemu Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa vipande vya silingibodi na rangi ya baiskeli. Hadi leo mtindo wake unawapatia wachoraji riziki.

Vitu ni vya bure, ila gundi, mikasi na rangi hununuliwa. Naomba mfuko wetu utenge fungu dogo kila mwezi. Hiyo nayo ni akiba.